Kusimama Malindi na Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila likizo inapokaribia, simu yangu hujaa maswali yale yale kutoka kwa jamaa na marafiki wanaoshuka pwani kwa gari na watoto. Nimeyakusanya hapa ili nisijibu moja moja. Ya msingi yametangulia, yale ya nadra yako mwishoni. Kama huna subira ya kusoma yote, soma la maji kupwa na kujaa, maana nusu ya majibu mengine yanalitegemea.

## Kabla ya kuondoka nyumbani

Malindi ni pa kusimama saa mbili tatu, au ni pa kulala?

Ni pa kulala, tena usiku mbili ikiwezekana. Kutoka Mombasa ni kilomita kama 120, kwa hiyo wengi hudhani watakuja asubuhi na kurudi jioni. Wanaofanya hivyo hufika saa tano jua likiwa utosini, wakakuta bahari imerudi nyuma, wakala chakula cha mchana huku wakitokwa jasho, kisha wakaondoka wakisema Malindi haina kitu. Malindi haina haraka, hilo ndilo jambo. Siku ya kwanza ni ya kujua maji yanajaa saa ngapi. Siku ya pili ndiyo ya kuyafaidi.

Kama kweli mna saa chache tu, msizigawe. Ingieni Gede (tazama swali lake chini), mle mjini, mshuke bustani ya Buntwani kupunga upepo, mwende zenu.

Mwezi gani unafaa kuja na watoto?

Pwani ina majira yake, nayo hayafuati kalenda ya shule. Wakati wa kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu, lakini Februari na Machi joto ni la kuoka. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi karibu Septemba, kuna upepo na mawimbi, na hewa ni ya kupendeza zaidi kwa kutembea. Masika hunyesha Aprili hadi Juni, na Mei ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote. Hoteli kadhaa hufunga Mei na Juni kwa ukarabati, hivyo msije bila kupiga simu.

Likizo ya Agosti ni nzuri kwa magofu, misitu na bonde la Marafa, ila msitarajie bahari kama kioo. Likizo ya Desemba ina bahari nzuri na bei mbaya. Mwenye watoto wasioanza shule aje mwisho wa Januari, au Oktoba kabla vuli haijakolea.

Tubebe nini ambacho watu husahau?

Viatu vya mpira vya kuingia navyo majini, kwa kila mtu, hata baba anayesema hahitaji. Leso mbili tatu: ni taulo, ni kivuli, ni shuka ya mtoto kulalia, ni vazi la kupitia mjini. Kofia. Dawa ya mbu, na kama mnatoka nyanda za juu ambako malaria ni adimu, mwulizeni daktari kuhusu kinga kabla ya safari. Pakiti za chumvi na sukari za kuongeza maji mwilini. Chupa za maji za kujazwa tena, kwa sababu iliyoelezwa kwenye swali la hifadhi ya bahari.

Mafuta ya kuzuia jua hayatoshi peke yake. Mtoto anayecheza majini mchana kutwa avae fulana nyepesi ya mikono mirefu.

## Barabarani

Kutoka Nairobi tupite njia ipi?

Mnafuata barabara kuu ya Mombasa hadi Mariakani, na hapo mna uamuzi. Mkinyoosha, mtaingia Mombasa, mvuke daraja la Nyali, mpambane na foleni ya kwenda Mtwapa, kisha Kilifi. Mkikata kushoto Mariakani, mtapita Kaloleni na kutokea Mavueni, karibu kabisa na Kilifi. Njia hii ya pili ni ya lami, ina kona na vilima, inapita katikati ya minazi ya Wamijikenda, na inawaepusha na jiji zima. Kama hamna shughuli Mombasa, piteni huko, ila msiipite usiku, maana kona ni nyingi na kuna watu na mbuzi pembeni mwa barabara.

Ipo pia njia ya tatu: kuingia mbuga ya Tsavo Mashariki kupitia Voi na kutokea lango la Sala, kisha kushuka Malindi sambamba na mto Galana. Mtalipa kiingilio cha mbuga, na mtaona tembo wekundu kwa vumbi. Hiyo ni safari yenyewe, si njia ya mkato. Iacheni kwa gari lililoinuka na kwa dereva asiye na papara, na wakati wa mvua msiijaribu.

Tuendeshe siku moja au tulale njiani?

Na watoto wadogo, laleni Voi. Kutoka Nairobi hadi Malindi ni kama kilomita 600, na malori ya barabara ile hayamwachii dereva nafasi ya kupumua. Anayetaka siku moja aondoke saa kumi na moja alfajiri, apumzike Mtito Andei, na awe ameshapita Mariakani kabla ya saa tisa. Giza hapa huingia mapema kuliko mnavyodhani: saa kumi na mbili unusu jioni tayari mnawasha taa.

Tukija kwa treni, je?

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huishia Miritini, nje ya Mombasa. Kutoka hapo mtafute teksi au matatu hadi Malindi. Mkiwa watano wenye mizigo, kukodi gari dogo la abiria huwa si ghali sana kuliko nauli za mmoja mmoja, na hamtabanwa na masanduku magotini.

Na anayetoka Tanzania?

Anavuka mpaka Horohoro na Lungalunga, anapita Ukunda. Kwa sasa anaweza kutumia barabara ya Dongo Kundu na kukikwepa kivuko cha Likoni. Baada ya hapo ni njia zile zile za swali la kwanza la sehemu hii.

Watoto wanachoka. Tusimame wapi kati ya Mombasa na Malindi?

Kilifi, bila kufikiri mara mbili. Daraja lake lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla yake watu walivuka kwa feri. Msiegeshe juu ya daraja, hata kama wengine wanafanya hivyo. Upande wa kusini wa mkono wa bahari kuna magofu ya Mnarani, yenye misikiti ya kale na mbuyu mkubwa, na mandhari ya hori lote iko chini yenu. Barabarani kuna wauza korosho. Onjeni kwanza: korosho nzuri huvunjika kwa mlio, iliyokaa sana hupinda.

Mbele yake mtaingia kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba kama 420, ambao ndio msitu mkubwa zaidi wa pwani uliobaki katika Afrika Mashariki. Barabara inaupita ubavuni. Kama mna mtoto anayependa wanyama, mwambieni atazame pembeni: humo mna sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, na bundi mdogo anayeitwa kwa jina la Sokoke. Kumwona bundi huyo inahitaji mwelekezi wa pale, macho na bahati.

Matuta ni mengi kila penye kijiji, na mengine hayana rangi. Hapo ndipo magari huvunjika, si kwenye mashimo.

## Bahari

Mbona tulifika ufuoni tukakuta bahari imeondoka?

Kwa sababu ilikuwa imekupwa, na itarudi. Pwani ya Kenya maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Kwenye ufuo wenye mteremko mdogo, mita hizo zinakuwa mwendo mrefu wa miguu juu ya mchanga, majani na miamba.

Habari njema ni kwamba hali hii hukadirika. Wavuvi wetu huhesabu kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani siku za mwanzo za mwezi wa Kiislamu na zile za katikati, tangu kumi na nne hadi kumi na saba hivi, ndipo kuna bamvua. Siku hizo maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa pomoni saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja hivi huja maji mafu: hapo bahari haijai sana wala haikupwi sana, na asubuhi ndiyo huwa imejaa.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua tarehe, tazameni mwezi. Mkija siku za bamvua, asubuhi ni ya mashua, miamba na vidimbwi, na alasiri ni ya kuogelea. Mkija siku za maji mafu, ogeleeni asubuhi na mchana mwende Gede. Majedwali ya maji yapo kwenye intaneti, tafuteni la Malindi au Mombasa. Au mwulizeni mvuvi yeyote pale gatini: atawajibu bila kutazama simu.

Ufuo upi ni mzuri kwa watoto?

Ufuo wa Silversands, kusini mwa nguzo ya Vasco da Gama, na kuendelea hadi Casuarina. Mchanga ni laini, mwamba uko mbali unavunja mawimbi, na maji huwa safi kuliko ya mbele ya mji. Ghuba ya mjini ni ya madau na wavuvi. Huko nendeni kutazama samaki wakishushwa, si kuogelea. Kaskazini, upande wa Mambrui, ufuo ni mpana na hauna watu, lakini bahari imefunguka na mkondo una nguvu. Mtoto asiingie huko zaidi ya magoti.

Ufuo ni wa umma. Mlinzi wa hoteli anaweza kuwazuia kupita kwenye bustani yao, lakini hana mamlaka juu ya mchanga. Tafuteni njia ya wananchi, ziko kila baada ya viwanja kadhaa.

Kwa nini maji ni ya kahawia? Ni uchafu?

Ni udongo. Mto Sabaki unamwaga maji yake kaskazini kidogo ya mji, na ukifurika huipaka ghuba yote rangi ya chai ya maziwa. Mto huo ndio Galana, na juu zaidi ndio Athi, unaoanzia huko kwenu karibu na Nairobi. Jamaa zangu wa Nairobi wakilalamika huwaambia udongo ni wao, sisi tunautunzia tu. Mvua zikinyesha bara, wekundu huonekana hata kama hapa kuna jua. Siku hizo endeni kusini, Watamu au Mayungu, ambako huwa kuna nafuu.

Hifadhi ya bahari ikoje, na tunalipaje?

Hifadhi ya Bahari ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, na zilikuwa za kwanza nchini. Inasimamiwa na Shirika la Wanyamapori, KWS. Kiingilio hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si kwa pesa taslimu getini, kwa hiyo fungueni akaunti mkiwa bado mna intaneti nzuri. Kila mtu mzima abebe kitambulisho. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, na mtoto kidogo kuliko mtu mzima.

Mashua za kioo huondokea Casuarina. Kiingilio na mashua ni malipo mawili tofauti. Watu hugombana hapo kila msimu. Patana na nahodha bei ya mashua nzima, kwa saa ngapi, na kama miwani ya kupigia mbizi imo, kabla mtoto hajapanda. Mtoto akishapanda bei haishuki tena.

Nendeni maji yakiwa yamekupwa au yanaelekea kukupwa. Wakati huo matumbawe yako karibu na kioo na bahari imetulia ndani ya mwamba. Msiwape samaki mkate, hata nahodha akiutoa. Tangu Juni 2020 chupa na sahani za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi na fukwe, ndiyo sababu ya zile chupa za kujazwa nilizotaja.

Kile kisiwa cha mchanga tunachokiona kwenye picha kiko wapi?

Ni fungu la mchanga la Mayungu, kati ya Malindi na Watamu. Hujitokeza maji yanapokupwa na humezwa yakijaa. Mtu huweza kufika kwa miguu siku za bamvua, na hapo ndipo hatari ilipo: maji hurudi kwa kupitia nyuma yako, upande wa nchi kavu, wewe ukiwa unapiga picha za upande wa bahari. Geukeni kurudi mara tu maji yanapoanza kupanda. Wenye watoto wakodi mashua iwasubiri.

Kuna vitu vya kuogopa majini?

Vichache. Vile viumbe vyeusi vyenye miiba mirefu vinavyokaa kwenye mawe ndivyo huumiza wengi, na viatu vya mpira vinatosha kuvizuia. Mwiba ukivunjikia ndani, msichimbe kwa sindano ya nguo. Wapwa hupaka utomvu wa papai bichi, na usipotoka mwende hospitali. Yavuyavu huja kwa misimu, huwasha tu kwa kawaida. Papa hawafiki ndani ya mwamba kutafuta watoto, waambieni walale.

Jua ndilo adui. Mtoto mwenye kichwa kinachouma na asiyekojoa tangu asubuhi atolewe juani mara moja.

Watoto wameokota kauri na makombe. Tuyabebe?

Yaacheni. Ndani ya hifadhi ni kosa kuokota chochote, kiwe hai au kimekufa, na kaa wengine wanahitaji makombe hayo kuwa nyumba.

## Kula, kulala na adabu

Tulale mjini, Casuarina au Watamu?

Mjini ni rahisi kwa chakula, soko na tuktuk, lakini ufuo wa kuogelea uko mbali kidogo. Kando ya barabara ya Casuarina kuna hoteli na nyumba za kupangisha zenye jiko, na hizo ndizo ninazozipendekeza kwa familia: mtoto asiyekula pilipili atapikiwa, na mchana kila mtu atalala. Watamu ina maji mazuri zaidi, nakiri, ila mji wake ni mdogo na bei ni za watalii.

Kabla ya kulipa nyumba uliza mambo matatu: maji ya bomba ni matamu au ya chumvi, neti zipo kwenye kila kitanda, na jenereta huwaka umeme ukikatika.

Mbona hapa muuza samaki anaongea Kiitaliano?

Waitaliano walikuja Malindi miaka ya 1960 kwa ajili ya kituo cha kurusha roketi cha San Marco, kule Ngomeni kaskazini mwa mji. Kutoka kwenye majukwaa yake ya baharini, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Wakaja wengine kupumzika, wakajenga, wakabaki. Ndiyo maana mtapata pitsa na aiskrimu nzuri mno kwa mji wa ukubwa huu, na watoto wa ufuoni watawasalimu "ciao" hata mkiwa mmetoka Machakos.

Tule nini, na wapi?

Asubuhi, mahamri na mbaazi za nazi. Msile hotelini, tafuteni mama aliyeweka karai barazani mitaa ya mji wa kale, mahamri yakitoka moto yamevimba na yananukia iliki. Mbaazi zake ni nzito, zimepikwa kwa tui la kwanza na la pili. Nendeni kabla ya saa tatu, zikiisha zimeisha.

Mchana, wali wa nazi na samaki wa kupaka: samaki amechomwa mkaani kwanza, kisha akapakwa rojo la tui, ukwaju na bizari, akarudishwa motoni kidogo. Mtoto anaweza kula bila kulia, pilipili huja pembeni. Biriani Ijumaa. Jioni, viazi karai, bajia, mishikaki na ukwaju kando ya barabara, na mabuyu mekundu yatakayopaka viti vya gari rangi isiyotoka. Madafu popote, mchana kutwa. Baada ya kunywa mwambie muuzaji akupasulie ule na nyama yake.

Mnazi, yaani pombe ya minazi, upo, hasa vijijini kwa Wagiriama. Ni mtamu asubuhi na mkali jioni, na dereva asiuguse.

Tuvaeje?

Nguo za kuogelea ziishie ufuoni. Kwenye mji wa kale, sokoni na karibu na misikiti, mjitande leso, na baba avae shati. Hakuna atakayewafukuza, lakini wazee watawatazama chini na nyinyi mtajua. Msipige picha za watu, hasa wanawake wa buibui, bila kuomba. Salamu kwanza, swali baadaye: "Shikamoo mzee" hufungua njia kuliko noti.

Tukija Ramadhani?

Mnakaribishwa. Migahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, ile ya hoteli huendelea. Watoto wale ndani au garini, si barazani mbele ya waliofunga. Malipo yake huja magharibi: meza za futari na kaimati, vitumbua, mkate wa sinia na uji, mji umechangamka hadi usiku. Tuktuk huwa adimu dakika ile ya adhana, hivyo msingoje dakika hiyo kurudi hotelini.

## Ya kuona zaidi ya bahari

Gede inafaa watoto, au ni mawe tu?

Inafaa kuliko mahali pengine popote hapa. Ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa matumbawe, ukasitawi kwa karne kadhaa, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na msitu ukaufunika. Upo kama kilomita 16 kusini mwa Malindi. James Kirkman alianza kuufukua mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Waonyesheni watoto visima, vyoo na mabomba ya maji, watastaajabu. Kuna kaburi lenye mwaka ulioandikwa, 802 wa Hijria, ambao ni 1399. Kwenye jumba la mfalme mtaona vyumba vilivyofungana, na mwelekezi atawaambia vipande vya kauri za Kichina viliokotwa wapi. Mizizi ya miti imeshika kuta. Kima wapo kila mahali. Ndizi na biskuti zibaki garini, maana hawaombi. Karibu na lango kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambao wanavijiji wa pembezoni mwa msitu hufuga viwavi wa vipepeo na kuwauza nje ya nchi wakiwa pupa, yaani wamejifunga kabla ya kugeuka vipepeo. Watoto wangependa kubaki huko.

Nguzo ya Vasco da Gama ina nini cha ajabu?

Nguzo yenyewe ni fupi, ya matumbawe, ina msalaba juu. Mreno huyo alifika hapa Aprili 1498 na kupokewa vizuri na mfalme wa Malindi, tofauti na Mombasa. Kinachopendeza ni mahali ilipo, kwenye ncha ya mwamba, mawimbi yakipiga chini. Shikeni watoto mikono, ukingo hauna ua.

Mtoto akiuliza kama historia ilianza na Wareno, mjibuni kwa twiga: mwaka 1415 Malindi ilipeleka twiga China, zaidi ya miaka themanini kabla. Kisha mwonyesheni makaburi ya mnara karibu na Msikiti wa Ijumaa, na sanamu ya Mekatilili wa Menza mjini, mama aliyewaongoza Wagiriama mwaka 1913 na 1914 kuwakatalia Waingereza.

Marafa kuna nini, na twende saa ngapi?

Ni bonde lililomeguka, kuta za mchanga zenye rangi nyeupe, waridi, machungwa na nyekundu, ambazo mvua na upepo vimechonga minara. Wenyeji hupaita Nyari. Husimulia kwamba paliishi tajiri na watu wake waliojaliwa maziwa hadi wakayaogea, Mungu akachukizwa na ardhi ikawameza. Nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu. Mwelekezi wa kijijini huisimulia vizuri zaidi yangu, na kiingilio kinasaidia kijiji.

Fikeni saa kumi alasiri, mshuke bondeni, mpande tena jua likizama. Mchana bonde ni tanuri. Jazeni mafuta Malindi, na mrudi kabla giza halijakolea.

Bibi yetu ana magoti. Ataona nini?

Mengi. Bustani ya Buntwani ni tambarare na ina viti. Mashua ya kioo anaweza kupanda maji yakiwa yamejaa kiasi, kwa kushikwa mikono, ila nahodha aambiwe mapema. Daraja la Sabaki jioni, akiwa garini, ataona mto, na mara nyingine viboko. Heroe huonekana huko mdomoni. Gede atatembea sehemu ya mbele tu. Marafa atazame kutoka juu.

## Mambo ya nadra

Tutaonea wapi machweo baharini?

Malindi inatazama mashariki, kwa hiyo jua huzuka baharini na kutua nchi kavu. Amkeni kumi na mbili kasoro. Anayetaka machweo juu ya maji aende hori la Mida, karibu na Watamu, kuna njia ya mbao katikati ya mikoko.

Vijana wa ufuoni hawatuachi. Tufanyeje?

Jibu salamu, sema "asante, leo hatuhitaji" kwa Kiswahili, na uendelee kutembea. Wengi wataondoka. Ukitaka safari, chagua mmoja na umwambie wengine kwamba umeshapata mtu, mwenyewe atawalinda. Usilipe chote kabla.

Mtoto akiugua usiku?

Malindi ina hospitali ya serikali na za binafsi, na maduka ya dawa ya usiku. Homa yoyote, hata baada ya kurudi nyumbani, mwambie daktari kwamba mlikuwa pwani ili apime malaria.

Gari limezama mchangani.

Acha kukanyaga mafuta, unachimba kaburi. Punguza upepo kwenye magurudumu, fukua mchanga mbele yake, weka makuti au mikeka ya gari, toka taratibu. Angalia maji yako wapi kwanza: yakiwa yanajaa, ita vijana kabla hujajaribu chochote. Kuendesha ufuoni hakufai kabisa; kasa hutaga humo.

Tuunganishe hadi Lamu?

Inawezekana, ni kama kilomita 220 hadi Mokowe kupitia Garsen na Witu, kisha boti. Gari hubaki ng'ambo. Njia hiyo imewahi kushambuliwa, hivyo ulizeni polisi wa Malindi siku hiyo hiyo, safirini mchana, na mfuate masharti ya msafara kama yapo. Masika delta ya Tana hufurika na kukata barabara. Na watoto wadogo mimi ningeacha gari Malindi na kupanda ndege.

Tunataka kurudi na samaki. Watafika?

Watafika, wakinunuliwa asubuhi ya kuondoka na si jana yake. Gatini chagua mwenye jicho angavu na tamvua nyekundu, mpe mtu amsafishe hapo hapo, kisha mwagandishe kwenye friza ya nyumba au dukani kabla ya kufunga na barafu. Tundu la kutolea maji la kisanduku lielekee nje ya gari. Ng'onda, yaani samaki mkavu, haihitaji barafu, lakini mfunge mara mbili na muiweke juu ya gari, si ndani.